Chumvi ya Umande

Kila asubuhi Bibi Ng'washi alifungua mlango wa banda la kuku kwa mguu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika ungo wa pumba. Kuku walitoka kwa utaratibu wao: jogoo kwanza, kisha matetea, na mwisho yule tetea mweupe aliyependa kuchelewa. Siku hiyo jogoo alitoka, matetea wakatoka, mlango ukabaki wazi, na hakuna aliyechelewa.

Mjukuu wake Sayi alimkuta Kijivu, mbwa wa nyumbani, chini ya ghala. Manyoya meupe yalikuwa yamemganda puani, na mbele yake palikuwa na kilichosalia cha yule tetea. Sayi alichukua kamba, akamfunga mbwa shingoni, akaokota rungu na kuanza kumvuta kuelekea kichakani. Dada yake, Holo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafungia kuku jioni, alisimama kando ya banda akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Unampeleka wapi?" Bibi aliuliza.

"Anakopelekwa mbwa aliyeonja kuku, Bibi. Akishaonja mmoja atawamaliza wote."

"Ulimwona akimkamata?"

"Manyoya yako puani, Bibi. Nimwone vipi tena?"

Bibi alimwaga pumba chini, akaketi juu ya kinu kilicholazwa ubavu. "Fisi alikutwa mzogani, hakukutwa mautini," alisema. "Mfunge kwenye nguzo kwanza. Rungu halina haraka."

Sayi alifunga kamba kwa kisirani. Methali ile alikuwa ameisikia mara nyingi, watu wazima wakitupiana barazani, naye aliiona kama maneno ya kumwokoa mtu aliyekwisha kushindwa. Holo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Fisi gani huyo, Bibi?"

"Methali hii ilianza hivi," Bibi alisema, na akasimulia.

Zamani, kando ya mbuga ya Igundu, waliishi watu waliokuwa na mwiko mmoja mkubwa. Mguu wa mtu haukukanyaga mbuga kabla umande haujakauka. Walisema umande ni wa wanyama na jua ni la watu, na kwamba mguu unaokata umande hukata na mvua. Wachungaji walisubiri. Wawindaji walisubiri. Hata mtu aliyepotelewa na ng'ombe alikaa kizingitini akiyatazama majani yanavyometameta, mpaka yakauke ndipo aende kumtafuta. Mwanamume aliyevunja mwiko huo aliondolewa barazani. Mwanamke aliyeolewa alirudishwa kwao.

Haukuwa mwiko mbaya. Uliwapa wanyama muda wao wa kula na kunywa bila kusumbuliwa, na labda ndiyo maana kongoni walikuwa wengi Igundu kuliko kwingine kokote. Kiangazi kilipokaza na mtama kupungua ghalani, watu waliwinda kongoni kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Kongoni ndio waliowavusha mpaka mvua. Mtoto wa Igundu alijifunza kulitaja jina la kongoni kabla ya jina la mbuzi.

Katika nyumba ya Mzee Ngasa, mkuu wa wawindaji, kulikuwa na mkaza mwana aliyeitwa Minza. Alitoka mbali, kwa watu wanaokusanya chumvi ya udongo. Chumvi hiyo hupanda juu ya ardhi usiku, ikatanda kama unga mweupe, nayo hukwanguliwa alfajiri ingali na unyevunyevu. Jua likipanda hukauka, na upepo ukaipeperusha yote. Kwao Minza, mwanamke aliyelala mpaka umande ukauke aliitwa mvivu. Alikoolewa, mwanamke aliyetoka kwenye umande aliitwa mkata mvua.

Mwanzoni alijizuia. Lakini mumewe, Luhende, alikuwa akila mlenda usio na chumvi huku akijilazimisha, akimeza kama mtu anayekunywa dawa, na hakulalamika hata siku moja. Kule kutolalamika ndiko kulikomshinda Minza. Siku moja, akitafuta kuni mchana, aliona nyuma ya vichuguu, pembeni mwa mbuga, mahali peupe pasipoota kitu. Alipajua papo hapo, kama mtu anavyomjua ndugu yake sokoni. Tangu hapo akawa anatoka alfajiri na kipande cha kibuyu, anakwangua, anarudi kabla ya wakwe zake kuamka.

Luhende alipoonja mboga ya kwanza alilamba vidole. "Chumvi ya nyumba hii haiishi," alisema baada ya miezi kadhaa.

"Natumia kidogo kidogo," Minza alijibu.

Luhende akacheka, hakuuliza zaidi. Lakini asubuhi ambazo pindo la nguo ya mkewe lilikuwa limelowa, yeye mwenyewe alilisogeza karibu na moto likauke kabla mama yake hajaingia. Waliishi hivyo. Yeye hakuuliza, naye Minza hakusema, na wote wawili walidhani kunyamaza kwao ni upendo. Ulikuwa upendo, sikatai. Ila upendo wa namna hiyo una mlango mmoja tu, na siku moto ukiwaka mlangoni hakuna pa kutokea.

Ikaja miaka ya mvua haba. Kongoni wakaanza kupungua. Kila umande ulipokauka wawindaji walishuka mbugani na kukuta mzoga, wakati mwingine mizoga mitatu minne, na juu ya kila mzoga fisi, midomo imelowa damu, wakitafuna mifupa. Kundi lililokuwa likifunika mbuga likawa la kuhesabika. Watu wakaanza kulitazama ghala, kisha mbuga, kisha nyuso za watoto wao.

Mzee Ngasa akaitisha baraza. Hakuwa mjinga, wala hakusema ovyo. Alikuwa amekusanya ushahidi wake kama mtu anayejenga ukuta, jiwe juu ya jiwe.

"Nyayo zilizozunguka mizoga ni za fisi," alisema. "Mifupa imevunjwa kwa meno ya fisi. Fisi tuliyemnasa shimoni juzi tulimpasua, tukakuta tumbo limejaa nywele za kongoni. Na tangu kongoni waanze kupungua, fisi wamenenepa. Mnataka nini zaidi?"

Mzee Kitundu, ambaye alikuwa haoni vizuri na alipenda kuuliza maswali, aliinua fimbo yake. "Ngasa, babu zetu waliwakuta fisi hapa, na kongoni wakawepo. Nani kati yenu amemwona fisi akimwangusha kongoni mwaka huu?"

"Na wewe Kitundu, nani alimwona mchwa akila nguzo ya nyumba yako?" Ngasa alimjibu. "Uliona vumbi chini, ukamwaga majivu. Hukumngoja mchwa aje akusalimu."

"Alimngoja," mtu mwingine alidakia, "ndiyo maana nyumba ilianguka."

Baraza likacheka. Kitundu naye akacheka, kwa kuwa nyumba yake kweli ilikuwa imeanguka, na swali lake likazama katika kicheko kile lisionekane tena.

Hakuna hata mmoja aliyefikiri jambo hili: kwamba watu wa Igundu hawakuwahi kuiona mbuga yao asubuhi. Walichokijua juu yake kilianza umande ulipokwisha. Walifika kwenye kila msiba wakati wa kula, na waliyemkuta akila ndiye waliyemwita mwuaji.

Minza alikuwa nyuma ya ua na wanawake wengine, wakichuja pombe ya baraza. Yeye aliijua asubuhi. Alikuwa amewaona kongoni wakisimama kwenye majani yaliyolowa, miguu wameitanua, wakitetemeka bila baridi. Aliwaona wakianguka wenyewe. Damu nyeusi iliwatoka puani na haikuganda. Fisi walikuja baadaye, wakitembea polepole, kama wageni waliosikia kuwa kuna karamu. Na aliona kwamba kila kongoni aliyeanguka alitokea upande mmoja, kwenye lile bonde ambamo wazee walikuwa wamezika ng'ombe waliokufa kwa kuvimba, miaka ya nyuma. Ardhi ilikuwa ngumu, wakawafukia juu juu. Sasa, katika ukame ule, bonde lile peke yake lilikuwa na majani mabichi.

Alifungua kinywa. Mkaza mwana hasemi mbele ya baba mkwe, hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa swali ambalo wangemwuliza kabla hajamaliza: ulikuwa wapi hata ukaona? Na la tatu ndilo lililomfunga ulimi. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha, na watu walikuwa wakimtafuta aliyeikata. Angesimama pale, wangempata. Angerudishwa kwao siku ile ile, bila kuaga, na asingemwona Luhende tena.

Akafunga kinywa, akaendelea kuchuja.

Wakawaua fisi. Walichimba mashimo, wakatia moshi katika mapango, wakawatundika barabarani ili wengine waone. Luhende ndiye aliyeongoza vijana, kwa kuwa alikuwa mwana wa mkuu. Usiku watu walilala wakiwa wametega sikio, wakafurahi kutosikia kitu. Kilio cha fisi, kilichokuwa kikiwatisha watoto tangu enzi za mababu, kikatoweka Igundu.

Kongoni waliendelea kufa. Walikufa wengi zaidi. Na sasa mizoga ilikaa mizima mbugani, imevimba, imejaa nzi, hadi maji ya kunywa yakaanza kunuka. Ng'ombe wachache nao wakaanguka.

Mngedhani hapo watu wangesema, tulikosea. Lakini mtu aliyekwisha kuua kwa sababu fulani huishikilia sababu hiyo kuliko mtoto wake. "Amebaki fisi mmoja, mjanja," Mzee Ngasa alisema. "Anaua, akisikia hatua zetu anakimbia kabla hajala." Wakaendelea kumsaka fisi huyo. Na kwa kuwa njaa ilikuwa imeingia majumbani, Ngasa akaongeza kwamba nyama ambayo fisi hakuila isiachwe ioze. Iletwe nyumbani.

Siku Luhende alipoleta paja la kongoni, Minza alikuwa akikoroga uji. Alilitazama lile paja muda mrefu.

"Alikuwa na jeraha?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo kongoni. Shingoni, au tumboni."

Luhende aliketi. "Hapana. Alikuwa mzima kama amelala. Baba anasema alikimbizwa mpaka moyo ukapasuka."

"Na damu?"

"Nyeusi," Luhende alisema. Kisha akamtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango na mkono tayari kubisha. "Minza, una neno?"

Nje, mama mkwe alikuwa akipepeta mtama. Mlio wa ungo ulisikika waziwazi, na bila shaka maneno yao nayo yalisikika kwake.

"Sina," Minza alisema.

"Kama unalo, sema. Hata kama ni neno la... la alfajiri."

"Sina neno. Ila usiile nyama hiyo. Tumbo langu linaikataa tu."

"Nimewakatia nyama watu wengi leo," Luhende alisema akiinuka. "Nikikataa kula nilichowagawia, watasemaje?"

Alikwenda kula kwenye moto wa wanaume. Minza akalibeba lile paja na kulitupa shimoni.

Baada ya siku chache, kwenye mkono wa Luhende, pale kisu kilipomchuna, kilitokea kidonda. Hakikuuma, na katikati kilikuwa cheusi kama mkaa. Siku hizi bwana mifugo angekitazama mara moja na kusema kimeta. Wakati ule hawakuwa na jina lake. Mkono ulivimba mpaka shingoni, homa ikapanda, tumbo likaanza kumkata. Watu wengine waliokula wakalala kama yeye. Wengine walipona. Luhende hakupona. Siku ya mwisho aliomba maji, na Minza akayatia chumvi kidogo, kwa kuwa kwao wagonjwa hunyweshwa hivyo. Luhende alionja, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Haiishi," alisema. Hakusema lingine.

Walimzika nyuma ya zizi. Matanga yakiwa bado hayajaanuliwa, vijana walikuja na habari kwamba wameona pango lenye nyayo, na ndani yake vitoto vya fisi vinalia. Mzee Ngasa, aliyekuwa ameketi tangu mazishi, aliinua kichwa. "Kachomeni moto," alisema. "Wote. Hao ndio waliomwua mwanangu."

Ndipo Minza alipotoka nyuma ya ua. Alikuwa amebeba chungu. Alipita katikati ya wanaume, kichwa hakukifunika, akakiweka chungu mbele ya miguu ya baba mkwe wake na kukifunua. Kilikuwa kimejaa chumvi nyeupe.

"Rudi ndani, mama," mtu mmoja alimwambia kwa upole, akidhani huzuni imemchanganya.

"Chumvi hii inatoka mbugani kwenu," Minza alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie. "Haiokotwi jua likiwaka. Upepo huichukua. Huokotwa kwenye umande tu."

Walielewa wote, na walijua amejimaliza.

"Nimekata umande tangu niolewe. Mkinirudisha, nirudisheni. Lakini mniache niseme nilichokiona. Kongoni wanakufa wenyewe. Wanatoka kwenye lile bonde la ng'ombe mliowazika, wanatetemeka, wanaanguka. Fisi huja baadaye. Baba, fisi mlimkuta mzogani. Hamkumkuta mautini. Mimi nilikuwepo mautini."

Mzee Ngasa alichovya kidole katika chumvi ile, akakitazama. "Ulijua," alisema. "Mwanangu anabeba nyama ile begani, na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Mngenirudisha kwetu," Minza alisema. "Nami nilitaka kukaa na Luhende."

Hilo ndilo neno alilolibeba miezi yote ile, na lilikuwa fupi kiasi hicho.

Kesho yake Mzee Ngasa aliamka alfajiri. Alishuka mbugani peke yake, akatembea kwenye umande, akasimama karibu na lile bonde. Aliona kongoni watatu wakila majani mabichi. Akangoja. Mmoja wao alitanua miguu, akatetemeka, akaanguka. Hapakuwa na fisi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amewamaliza. Alirudi kwa njia ya katikati ya kijiji, miguu imelowa mpaka magotini na mbegu za majani zimemganda, ili kila mtu aione. Hakuna aliyethubutu kumwondoa barazani. Alijiondoa mwenyewe.

Bonde lilizungushiwa miiba, mizoga ikachomwa. Lakini kongoni waliosalia walikuwa wachache mno. Siku moja waliondoka upande wa jua kuchwa na hawakurudi, na mbuga ya Igundu ni majani matupu hata leo. Minza hakurudishwa na mtu. Matanga yalipoanuliwa aliondoka kwa miguu yake, na chungu alikiacha kizingitini. Mvua ilinyesha mwaka uliofuata, kama ambavyo ingenyesha tu.

Bibi Ng'washi alinyamaza. Kuku walikuwa wamemaliza pumba na sasa walikuwa wakichakura miguuni pake. Sayi alimtazama Kijivu kwenye nguzo, akaliegemeza rungu ukutani.

"Kwa hiyo mbwa hakumwua?" aliuliza.

"Sijui," Bibi alisema. "Labda alimwua. Sikuwepo. Nasema tu kwamba wewe nawe hukuwepo. Fisi alikutwa mzogani..."

Alingoja wamalizie, kama ilivyo desturi.

"Hakukutwa mautini," Sayi alimalizia.

Holo hakuitikia. Alikuwa ameacha kukunja pindo la kanga. Alimtazama tetea mmoja wa madoa aliyejitenga na wenzake karibu na kinu, mabawa yameshuka, macho nusu yamefumbwa.

"Bibi," alisema. "Tetea mweupe alisimama hivyo hivyo juzi na jana. Jana jioni alianguka mwenyewe nyuma ya banda, nikamwacha pale pale. Nilikuwepo. Nilinyamaza, kwa kuwa mngesema simtunzi."